Hofu ya Fundi wa Gari la Maji

Siku niliyokwenda karakanani kuomba kazi sikushika spana. Formeni alinifungulia mlango wa nyuma wa gari dogo la Kiingereza lenye rangi ya maziwa, akaniamuru niingie, nifumbe macho na nisiyafumbue mpaka aniambie. Nilikuwa kijana wa Majengo, hapa hapa Nyeri mjini, na magari niliyoyajua yalikuwa lori la mkaa la mjomba wangu na basi la Nanyuki. Kiti kilikuwa kipana na kimejaa, kama kochi la sebuleni kwa watu wenye nafasi. Tukaondoka.

"Tuko barabara gani?" Formeni aliuliza baada ya mwendo kidogo.

"Ya lami, bwana."

"Fungua macho."

Tulikuwa kwenye muramu, udongo mtupu usio na lami. Ni ile barabara ya kuteremka kwenye mashamba ya kahawa, iliyojikunja mikunjo kama bati, ambayo mjomba akiipita na lori nilikuwa nashika taya nisijiume ulimi. Na Formeni hakuwa anaendesha polepole. Nje vumbi lilipaa juu ya migomba, na ndani mimi nilikuwa nimetulia kama niko kitandani. Nikashika kiti kwa mikono miwili.

"Umestarehe?" aliuliza.

"Nilikuwa nimestarehe, bwana. Sasa naogopa."

Alicheka, akapunguza mwendo. "Sawa. Kazi umepata. Gari ingine ikiharibika inapiga kelele. Hii inakubembeleza mpaka ndani ya shimo. Mimi nataka fundi mwenye anaogopa."

Basi niliajiriwa kwa sababu ya uoga wangu, na wala sioni haya kusema hivyo. Wenzangu karakanani walinitania maisha yote, wakiniita Rama Mwoga, na mimi niliitika. Nimewaona mafundi mashujaa. Wengine wao nimewazika.

Watu wa upande huu wa mlima waliliita gari lile gari ya maji, na jina lilitosha kulieleza. Magari ya kawaida yameketi juu ya springi za chuma. Hili halikuwa na springi. Kila gurudumu lilikuwa na chungu cha chuma chenye mpira mzito ndani, kimejazwa maji yaliyochanganywa na spiriti na dawa ya kuzuia kutu, na bomba jembamba lilipita chini ya sakafu likaunganisha gurudumu la mbele na la nyuma la upande uleule. Gurudumu la mbele likipanda tuta, maji yanasukumwa nyuma na kuinua upande wa nyuma kabla haujafika kwenye tuta. Kwa hiyo gari haliinamishi pua wala halikai kitako. Linapanda lote kwa pamoja, kisha linashuka lote kwa pamoja, na aliyeketi ndani hajui kilichopita chini yake.

Injini nayo ililazwa kwa upana, giaboksi ikawekwa chini yake, vyote viwili vikatumia oili moja, na magurudumu ya mbele ndiyo yaliyovuta. Kwa kuwa hakukuwa na shafti ya kwenda nyuma, sakafu ilikuwa karibu tambarare, na abiria wa nyuma alinyoosha miguu kama yuko barazani. Madirisha yalikuwa makubwa. Kulikuwa na hita, ambayo asubuhi za sakitu, umande ulioganda, kule nyanda za Kieni ni neema kubwa. Mhandisi aliyelichora alimfikiria mtu wa mshahara wa kawaida, mwenye mke na watoto na mama mkwe, akaona kwamba hao nao wana migongo. Namheshimu sana mtu yule, ingawa amenikosesha usingizi.

Kwa maana chini ya starehe yote ile kulikuwa na vyuma vya kawaida, vinavyolika kama vyuma vingine. Kibaya zaidi ni boljointi, kile kifundo cha mviringo kinacholishikilia gurudumu la mbele ligeuke na lipande, kama bega linavyoshika mkono. Kikilegea kwenye lori, utasikia kinagonga mwezi mzima kabla hakijaachia. Kwenye gari la maji hugonga ndani ya ule ulaini na sauti inapotea. Siku kinapochomoka, gurudumu linalala ubavu, huku dereva akiongea na mkewe habari za viazi.

Ndiyo maana Formeni alikuwa na desturi yake, ambayo sijaiona karakana nyingine yoyote. Aliita kulivua gari starehe. Kabla gari la maji halijarudishwa kwa mwenyewe, lilifunguliwa vali zake, zinazofanana na za tairi, maji yakakingwa kwenye karai, na gari likashuka mpaka likaketi juu ya vipira vigumu vya kuzuia. Kisha tukalizungusha uani hivyo hivyo, limekuwa gumu kama mkokoteni. Hapo kila kilicholegea kilisema. Formeni alitembea kando ameinama, mkono nyuma ya sikio, akiniambia mimi niliyekuwa ndani: "Rudi. Pita tena hapo kwa jiwe. Sikia hiyo! Kushoto, mbele." Tukishatengeneza ndipo tulipojaza maji upya kwa pampu ya mkono, tukapima kimo kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa madigadi, kisicheze hata kidogo.

Na aliyekaza boljointi ndiye aliyeketi kiti cha mbele katika mteremko wa kwanza. Hilo nalo lilikuwa sheria yake.

Mwaka wangu wa kwanza uleule alikuja mwalimu mmoja kutoka Endarasha, mtu mrefu aliyevaa koti la mvua hata kukiwa na jua. Alikuwa amelinunua gari la maji kwa mzungu aliyekuwa anauza shamba. Alizungumza na Formeni kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa chini ya gari na nilisikia. Mkewe alikuwa ameharibikiwa na mimba mara kwa mara, na kila mara ilikuwa baada ya safari ya kwenda kliniki kwa ile barabara yao. Sasa alikuwa mjamzito tena.

"Sitaki aruke hata kidogo," Mwalimu alisema. "Nimeuza ng'ombe zote nimenunua hii. Niambie kama itamshika."

Formeni aliniita nitoke. "Huyu kijana ndiye ataifunga. Ni mwoga sana."

Nililifunga, na kila nati niliikagua mara mbili. Niliketi kiti cha mbele mpaka Endarasha, na kwenye kila mteremko nilikuwa nakanyaga breki ambayo haikuwa upande wangu. Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, akaitwa Kariuki. Tangu hapo mkewe Mwalimu kwangu alikuwa Mama Kariuki, na gari lile hakulishika fundi mwingine kwa miaka mingi.

Nilihamishwa Nanyuki, kwenye tawi letu, chini ya Meneja wa Tawi aliyependa saa kuliko spana. Siku moja mteja alikuwa na haraka ya kwenda Meru na gari la maji tulilolibadilishia breki. Nikaomba nilivue starehe kwanza. "Breki umefunga?" Meneja aliuliza. Nikasema ndiyo. "Basi mpe ufunguo. Hatufanyi ibada hapa." Niliomba tena mpaka akanifukuza ofisini. Jioni gari lilirudi limevutwa na trekta, gurudumu la mbele limelala kama sikio la mbwa. Mteja alikuwa mzima, kwa sababu lilimlalia mahali tambarare palipokuwa na nyasi pande zote. Alijaribu kuwasha sigara na hakuweza kulenga kiberiti. Mimi sikupata faraja yoyote kwa kuwa nilikuwa nimeonya. Niliota gurudumu lile kwa muda mrefu sana.

Kutoka Nanyuki nilipelekwa Kerugoya, kwa Msimamizi wa Karakana, mzee mpole aliyeniachia nifanye nitakavyo. Magari ya maji yalikuwa yanakwisha. Maji yake yenyewe hayakuja tena kutoka ng'ambo, tukawa tunachanganya wenyewe. Karakana ilipofungwa, Msimamizi alinipa ile pampu ya mkono iwe yangu. "Chukua, hakuna mwingine anajua ni ya nini," alisema. Nikarudi Nyeri, nikafungua banda langu, nikafanya kazi mpaka magoti yakakataa. Mwalimu alifariki. Gari la maji la Endarasha likabaki peke yake, kwa kadiri nijuavyo, upande huu wote wa mlima, na mimi nikabaki na mteja mmoja, naye ni mjane wake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Msimu wa mvua uliopita Kariuki alinipigia simu. Siku hizi ndiye mwenye shamba la viazi, mtu mkubwa mwenye mvi, na humwendesha mamake kanisani.

"Fundi, kuja uone gari. Imekuwa poa sana. Nilipitisha kwa fundi mmoja hapo Chaka akaiinua."

"Ameinuaje?"

"Alijaza tu hiyo maji mingi. Si unajua matope ya huku kwetu? Sasa inapita juu kwa juu."

Nilikaa chini. Huko Kieni, kwao Kariuki, kila mtu anainua gari lake. Atanunua gari zuri, na kabla hajalilipia bima ameshalitia vyuma liwe refu kama mbuni, kwa ajili ya matope. Kwa gari la springi, si kitu. Lakini gari la maji ukilijaza kupita kimo chake, boljointi zinainama mpaka mwisho wa uwezo wake, na zinakaa hivyo mchana na usiku, zikilika upande mmoja. Na gari linazidi kuwa laini. Nilimwambia asilitie ufunguo mpaka nifike. Asubuhi yake nikapakia pampu na jeki, nikaomba kupelekwa Endarasha.

Nilifika nikakuta watu wamesimama uani. Mama Kariuki alikuwa amelala chini kando ya gari, juu ya gunia walilomtandikia, wamemfunika koti la mvua la marehemu. Alikuwa ameingia kwenye gari kuchukua kitambaa chake cha kichwa alichokisahau, na wakati wa kutoka akashusha mguu kwenye ardhi aliyoizoea miaka yote. Ardhi haikuwa pale. Ilikuwa chini zaidi kidogo tu, na kwa umri wake, kidogo hicho kilitosha kumwangusha kwenye matope.

"Rama," aliniita aliponiona. Uso ulikuwa wa majivu. "Imevunjika hapa kwa nyonga. Nilisikia. Usinidanganye kama hawa."

"Sikudanganyi, mama. Imevunjika."

Gari la wagonjwa tuliambiwa limekwenda upande mwingine na barabara imekatika huko. Jirani alileta pick-up. Walijaribu kumwinua, akapiga yowe, wakamrudisha kwenye gunia.

"Mimi siwekwi kwa pick-up kama gunia ya viazi!" alilia. "Niweke kwa gari ya Mwalimu. Hiyo haitanirusha. Kariuki, niweke!"

Kariuki alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma na kukunja blanketi. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya gari, na nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Lilikuwa limesimama juu juu, linang'aa, kimya. Kati ya pale na Nyeri kulikuwa na miteremko ninayoijua mmoja mmoja, na daraja jembamba chini ya ule mbaya zaidi.

"Kariuki," nilisema, "lazima nilitoe maji kwanza."

Alinitazama kama nimemtukana. "Ati nini? Mama anaumia, mzee, na wewe unataka kutoa hiyo kitu moja inaweza kumsaidia?"

"Nitalisikiliza, kisha nitalijaza tena."

"Na ikikataa kujaa?"

Pampu ilikuwa ya zamani kuliko yeye, na sikuwa nimeitumia muda mrefu. Nikisema ukweli, nilijua inaweza kukataa. Nilijua pia kwamba nikiacha kulitoa maji, hakuna mtu duniani atakayejua kilichomo ndani ya ule ukimya mpaka tufike kwenye mteremko. Nilimgeukia mwenye kuumia, kwa sababu nyonga ilikuwa yake.

"Mama, nikilitoa maji, huenda ukaenda kwa gari gumu. Utaumia njia nzima. Nisipolitoa, sijui kama tutafika."

Alifumba macho. Nilidhani amezimia. Kisha akasema, "Haraka basi, mwoga wewe."

Nilifungua vali. Maji yaliruka kwenye karai, gari likashuka polepole, upande mmoja kisha wa pili, likakaa juu ya vipira vyake kwa mlio mzito. Nilimtia Kariuki kwenye usukani, nikamwambia azunguke ghala la viazi, na mimi nikatembea kando nimeinama. Hakuwa amefika hata kwenye kona. Ko. Ko. Kushoto, mbele. Kariuki mwenyewe aliusikia mlio, akazima injini, akatoka bila kuambiwa.

Tulipiga jeki. Nililishika gurudumu juu na chini, likacheza mkononi kama jino la mtoto. Nati inayofunga boljointi ilikuwa imefunguka karibu yote. Kumbe fundi wa Chaka naye aliifungua na kuikaza, na hakuwa amekunja ulimi wa washa, kile kibati cha chini ya nati, unaoizuia isizunguke. Ilibaki imeshikwa na nyuzi chache za skrubu. Kariuki alichuchumaa, akatazama, kisha akatazama barabara inakoelekea mtoni, akafuta uso kwa mkono wenye matope. Niliikaza, nikaukunja ulimi wa washa kwa patasi, nikaipiga tena kuhakikisha, nikakagua upande wa pili.

Kisha nikashika pampu. Nilisukuma, na maji yakatokea kwenye mpini, yakanimwagikia viatuni. Kile kikombe cha ngozi cha ndani, ambacho ndicho kinachosukuma, kilikuwa kimekauka na kupasuka. Nilijaribu tena, nikajaribu tena. Gari halikupanda hata kwa upana wa kidole. Nilitamani kulia, na nafikiri nililia.

"Wacha, mzee," Kariuki alisema kwa upole. "Twende hivyo hivyo. Kwa pick-up hataki."

Mimi ndiye niliyeendesha, maana mimi ndiye niliyekaza. Kariuki aliketi nyuma, amempakata mamake. Nilikwenda mwendo wa mtu anayetembea, na bado kila jiwe lilipita moja kwa moja mpaka kwenye nyonga ile. Alilia. Alinitukana kwa Kikuyu, mimi na ukoo wangu na Majengo yote, matusi ambayo sikudhani mama wa kanisa anayajua. Kwenye mteremko wa mtoni nilishika usukani mpaka vidole vikafa ganzi. Mara akanyamaza, na ule ukimya ulinitisha kuliko matusi.

"Mama!" niliita bila kugeuka. "Mama, nitukane!"

"Ngoja nipumue," alijibu, kisha akaendelea. Nilimshukuru Mungu kwa kila neno. Tulipita Mweiga, tukashika lami, tukamfikisha hospitali ya Nyeri akiwa hai na akiwa na hasira.

Alifanyiwa upasuaji, akapona kwa kadiri mtu wa umri ule anavyopona. Alipoweza kukaa kitini alituma niitwe. Nilikwenda nimejiandaa kuomba radhi kwa ile safari. Hakunipa nafasi.

"Rama, lini utarudisha maji?"

"Mama, nilidhani tuliache liwe gumu. Likilegea popote, litasema."

"Litasema kwa nani? Mimi niko na chuma kwa nyonga. Siku zangu zimebaki kidogo na sitaki kuzimaliza nikirushwa. Hiyo kazi ya kuogopa ni yako. Rudisha maji yangu, na kimo iwe ile ya zamani."

Fundi viatu mmoja wa Majengo alinikatia kikombe kipya cha ngozi. Niliyachuja maji kwa kitambaa, nikaongeza spiriti na dawa, nikalijaza gari mpaka kwenye kimo chake halisi. Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho, na baada yake niliweka spana chini.

Vijana huniuliza kama uzeeni fundi anakumbuka fahari ya kazi yake. Fahari ninayo, kwa magari yaliyofika. Lakini ninachoishi nacho kila siku ni hofu ileile, na nimeacha kuipigania. Bintiye kaka yangu alinipeleka Nanyuki juzi kwa gari lake jipya, kimya kama msikiti mchana, na nilimwomba ashushe kioo ili nisikie tairi. Alidhani nahisi kichefuchefu.

Kila mwezi namwambia Kariuki alete gari nilivue starehe, na huleta bila ubishi. Na kila Jumapili Mama Kariuki huenda kanisani na kurudi kwa gari la Mwalimu. Mimi huketi barazani na simu pajani, chakula kimefunikwa, mpaka anipigie mwenyewe aseme amefika. Mke wangu ameshachoka kunisema.

Jumapili iliyopita simu haikulia. Adhuhuri ilipita. Nilimpigia Kariuki, hakupokea. Nilipiga tena na tena, nikauona mteremko, nikaliona daraja, nikavaa viatu nikatoka barabarani bila kujua naenda wapi. Nilikuwa nimefika karibu na msikiti ilipolia.

"Rama," alisema Mama Kariuki, na sauti yake ilikuwa nzito. "Tuko hapa nyumbani tangu saa ile. Kariuki alikataa kuniamsha, na simu aliiweka kimya. Nililala kwa gari. Nililala mpaka ndani ya boma. Tangu nivunjike, sijawahi lala hivyo."

Nilisimama pale pale barabarani nikilia. Watu walikuwa wananipita wakitoka kuswali, na mmoja alinishika mkono akaniuliza nani amefariki.